Meno Haya si Urembo

Muhula uliopita nilizuru shule moja ya msingi kuwatathmini wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mvulana mmoja wa Gredi ya 4 aliitwa asome kwa sauti. Alipofika penye neno "fedha", darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu mwanagenzi alimwamuru alitamke tena, na tena. Hakuna aliyemtazama kinywani. Ufizi wake wa juu ulikuwa mtupu, na wa chini ulikuwa na meno mawili tu yaliyochongoka mithili ya misumari.

Maadamu kazi yangu ni isimu, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Sauti /f/ hutamkwa mdomo wa chini ukigusa meno ya juu, nayo /dh/ huhitaji ncha ya ulimi ipite kati ya meno. Neno lenyewe lina konsonanti mbili, na zote mbili zilidai kile alichonyimwa tangu tumboni.

Mvulana huyo alizaliwa na displasia ya ektodamu, hitilafu adimu ya jeni inayoathiri meno, nywele, kucha, ngozi na tezi za jasho. Aina yake inayojulikana zaidi hupitia kromosomu ya X. Ndiyo sababu wavulana huumia zaidi, ilhali mama aliyewarithisha huenda asionyeshe dalili kubwa.

Tiba ipo. Mtoto huweza kutengenezewa meno bandia akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Hata hivyo taya hukua, na meno hayo hayana budi kutengenezwa upya mara kwa mara. Vipandikizi vya kudumu aghalabu hungoja hadi ukuaji ukome. Ni mzazi yupi wa kipato cha kawaida atakayelipa mara zote hizo? Mama wa mvulana huyu alipobisha hodi kwenye kampuni moja ya bima, aliambiwa kwamba meno bandia ni urembo. Wala si kwetu tu. Huko Marekani, mswada wa kuzilazimisha bima kugharimia matibabu ya aina hii ulipitishwa na Bunge la Wawakilishi mwaka 2022, ukakwama katika Seneti.

Urembo! Mtoto asiyeweza kutafuna githeri ya shule anatafuta urembo gani? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Nawasihi wanaoandika orodha ya huduma za Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoanza kazi Oktoba 2024, wasiache neno hilo moja liamue kila kitu.

Tena safari yenyewe ni hatari. Asiyetoka jasho hupandwa na joto mwilini upesi, nao madaktari wa meno ya watoto wamejazana mijini. Kupanga foleni juani, kwake yeye, ni kuhatarisha maisha.

Nimepata habari kwamba siku hizi mvulana yule huketi nyuma kabisa ya darasa. Zamu yake ya kusoma inapofika, hurukwa.