Jogoo Road ni ya watembeao

Simama kituo cha Hamza, Nairobi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Makanga wa matatu ya 58 hajaanza kuita abiria, lakini ukingoni mwa Jogoo Road msafara umeshaanza, mmoja nyuma ya mwingine, viatu vya kazini vimo mkobani, safari ni Eneo la Viwanda. Mvua ikinyesha nauli hupanda, na nauli ya asubuhi ndiyo chakula cha mchana. Kwa hiyo watu hutembea.

Wametembea hapa tangu zamani. Enzi za mkoloni barabara iliitwa Doonholm Road, jina la shamba la mlowezi James Kerr Watson; jina hilo leo limesalia kwa majirani zetu wa Donholm. Kandokando yake zikajengwa nyumba za wafanyakazi: Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo, Jericho. Baada ya uhuru barabara ikavishwa jina la jogoo, alama ya chama cha KANU. Kisha, miaka ya 1970, ikaja Buruburu yetu, awamu baada ya awamu hadi ya tano, na sisi tukaja na magari. Tukubali tu: tangu hapo anayetembea amekuwa akisukumwa pembeni, hadi mtaroni.

Mtaro wenyewe nao ni mtego. Kifuniko kikiibwa, msamaria hutumbukiza tairi kuukuu lisimame kama onyo. Gizani tairi jeusi halionekani.

Barabara jirani ya Outer Ring, yenye kilomita 13, ilipopanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilipata njia za miguu na vivuko vya juu. Sehemu nyingine za njia hizo sasa ni vibanda na stendi za bodaboda. Hatumlaumu mama mboga, anamfuata mteja. Apangiwe nafasi yake nyuma ya njia, naye mpita njia aachiwe yake.

Fedha si kisingizio. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Kazi ianzie City Stadium hadi Donholm: vifuniko, taa, njia pana ya miguu. Habari za kuwajengea wenye magari barabara ya juu zingoje. Na bajeti ijayo ikisomwa, wawakilishi wadi wetu waulize: katika ile asilimia 20, Jogoo Road imepata shilingi ngapi?