Jina la Mahali ni Ahadi kwa Mgonjwa

Mji wa Tabora umezoea kuitwa kwa majina mengi. Burton na Speke, waliofika kwa njia ya misafara mwaka 1857, waliuandika Kazeh. Stanley, mwaka 1871, alitumia zaidi jina la Unyanyembe. Msafiri wa enzi hizo aliwauliza wapagazi na wenyeji. Mgonjwa wa leo huiuliza simu yake, na jibu la kwanza analopewa mara nyingi ni tangazo lililolipiwa.

Utaratibu wake ni huu. Mtangazaji huteua maneno anayodhani yatatafutwa, kwa mfano “daktari wa macho Tabora”, hushindania nafasi kwa mnada, kisha hulipia kila mara tangazo linapobofywa. Wapo washauri wa biashara wanaohimiza majina mapana kwa kuwa yanatafutwa na wengi. Ushauri huo humfaa muuza viatu. Katika tiba unahitaji tahadhari.

“Tabora” ni manispaa na pia ni mkoa mzima. Anayeliandika akiwa Kaliua au Igunga huenda anatafuta huduma iliyo jirani naye, si ya mjini. “Ng'ambo” ni kata ya Tabora. Ni pia mtaa maarufu wa Unguja, na kwa watu wengi ni nchi za mbali. Zahanati inayolipia neno hilo peke yake inaweza kulipia mibofyo ya watu wanaotafuta matibabu India. Yafaa iliambatanishe na Tabora, iweke mipaka ya eneo la tangazo, na iorodheshe maneno ya kuzuiwa, kama “Unguja” na “India”. Hospitali ya rufaa, kwa upande wake, isijifungie mno: huenda anayetafuta ni kijana aliye Dar es Salaam kwa niaba ya mama yake aliye Sikonge.

Kosa kubwa zaidi ni kununua jina la mji ambao mtangazaji hana huduma. Kliniki ya Dar es Salaam ikijitangaza kwa neno “Tabora”, mgonjwa wa glakoma anaweza kuiacha hospitali ya karibu na kusafiri zaidi ya kilomita 800. Nauli iliyotokana na mahindi yaliyouzwa haitarudi, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi pia. Kwa hiyo, jina la mahali litumike pale tu ambapo daktari yupo, na tangazo litaje siku anazopatikana.

Hospitali ianze kwenye dawati la mapokezi. Kila mgonjwa aulizwe maneno mawili: alichokiandika alipotafuta tiba, na jina analoliitia kwao. Orodha itakayopatikana itakuwa mwongozo bora kuliko ramani ya wilaya, nayo itagharimu daftari na kalamu.