Kuku Aliyepita Pembeni mwa Picha

Bila shaka wengi wenu mmepata kuona katika simu zenu zile picha za sinema za kale, picha bubu zisizo na sauti, zinazoonyesha miji ya Ulaya na Marekani kabla ya vita vya 1914. Wanaume wote wamevaa kofia, farasi wanavuta magari, na kila mtu anakwenda upesi upesi kama aliyeona wingu la mvua na mahindi yake bado yameanikwa uani. Kijana mmoja hapa Nunguni aliniuliza kama watu wa siku hizo walikuwa na haraka kuliko sisi. La, hawakuwa nayo. Kamera ya zamani ilizungushwa kwa mkono, na kwa kawaida ilipiga picha 16 hivi katika kila sekunde moja. Mitambo iliyokuja pamoja na sinema zenye sauti huonyesha picha 24 kwa sekunde. Basi jambo lililochukua sekunde tatu humalizika kwa sekunde mbili, na bwana mzee aliyekuwa akijikokota kwenda kanisani huonekana akirukaruka kama kwale.

Tena nawatahadharisha juu ya rangi na kelele za mitaani zilizomo katika baadhi ya picha hizo. Zimetiwa na kompyuta katika miaka hii yetu. Rangi ya gauni la yule mama anayevuka barabara imekisiwa na mashine tu.

Asili ya mambo haya ni ndugu wawili wa mji wa Lyon katika Ufaransa, Auguste na Louis Lumière. Tarehe 28 Desemba 1895 walionyesha picha zao mjini Paris, katika chumba cha chini cha Grand Café, na kila mtu alilipa faranga moja. Picha zilikuwa kumi, na kila moja haikutimiza dakika nzima. Hawakuonyesha wafalme wala vita. Walionyesha wafanyakazi wakitoka katika kiwanda chao cha Lyon, na mtoto mchanga wa Auguste akilishwa uji na wazazi wake. Na sasa sikilizeni jambo la ajabu: watu waliotazama picha ya yule mtoto hawakumsifu mtoto peke yake. Waliyashangaa majani ya miti nyuma yake, kwa kuwa yalikuwa yakitikiswa na upepo. Katika maigizo ya jukwaani walikuwa wamezoea kuona miti iliyochorwa katika pazia, isiyotikisika hata siku moja. Hata katika picha ya kiwanda, pamoja na akina mama na wanaume wanaotoka, yumo mbwa anayejipitia zake, ambaye hakuandikwa kazi na mtu.

Lakini msidhani kwamba kila kitu kilitokea chenyewe. Picha ya wafanyakazi wa Lyon ilipigwa zaidi ya mara moja, na ziko aina tatu zinazojulikana: moja ina farasi mmoja, nyingine ina farasi wawili, na ya tatu haina farasi. Wale watu walitoka kazini kwa amri, wakarudi, wakatoka tena. Mwenye kamera alikuwa ndiye mwenye kiwanda, basi nani angekataa?

Huko Uingereza, katika mji wa Blackburn, mabwana Sagar Mitchell na James Kenyon waliifanya kazi hii kuwa biashara ya pekee. Walikwenda penye lango la kiwanda saa ya kutoka kazini, au penye uwanja wa mpira, au penye maandamano ya sikukuu, wakapiga picha nyuso nyingi kadiri walivyoweza. Kisha wenye mahema ya maonyesho walitangaza kwamba mtu akilipa ataweza kujiona mwenyewe. Nani angekosa kwenda? Ukizitazama picha hizo leo unawaona watoto wakisukumana mbele ya kamera na kupunga kofia, na wasichana wa viwanda vya nguo wakificha nyuso zao kwa shali huku wakicheka. Biashara ile ilipokwisha, mikanda ilitiwa katika mapipa ya chuma na kusahauliwa chini ya duka. Mwaka 1994 mafundi waliokuwa wakisafisha jengo hilo waliyakuta mapipa, na ndani yake mikanda ipatayo 800. Ni bahati kubwa, kwa sababu mikanda ya siku hizo ilitengenezwa kwa kitu chepesi kushika moto, na isipoungua huoza ikawa unga. Sasa mikanda hiyo imo katika hifadhi ya taifa ya filamu ya Uingereza, na mtu wa Lancashire aweza kumwona babu ya babu yake akitoka kazini na kikapu cha chakula mkononi.

Wamarekani nao walikwenda kupiga picha za michezo na mabembea ya Coney Island, huko New York, mahali watu wa mjini walipokwenda kujiburudisha siku za mapumziko. Wako wanaozipenda sana picha hizo. Mimi huona zinachosha upesi, maana kila mtu ndani yake anajua kwamba amekuja kufurahi.

Na kwetu je? Kamera haikuchelewa kufika. Mwezi wa Aprili 1909, aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alianza safari yake ya kuwinda katika stesheni ya Kapiti, huku huku Ukambani, na mwaka huo huo Mwingereza Cherry Kearton alimpiga picha za sinema katika nchi hii. Mwaka 1912 ikatoka picha ya uwindaji ya Mmarekani Paul Rainey. Mwaka 1928 ikatoka nyingine iliyoitwa Simba, ya Martin Johnson na mkewe Osa. Watu wa New York walilipa fedha nyingi kumtazama simba wa Kenya akinguruma bila sauti. Mtu mweusi akionekana humo, mara nyingi amebeba mzigo au anacheza ngoma. Wale wasichana wa Blackburn walipigwa picha ili wapate kujiona. Sisi tulipigwa picha ili tutazamwe na wengine.

Baadaye yakaja masomo. Kuanzia 1935 hadi 1937 Meja Notcutt na wenzake waliweka makao yao Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza picha kwa ajili ya Waafrika, wakazizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Picha zilikuwa bubu, na maneno yake yalitoka katika sahani za gramafoni. Walifundisha habari za safura, za mmomonyoko wa udongo, na za kuweka akiba ya fedha posta badala ya kuizika ardhini. Moja iliitwa Gumu, na ilieleza habari za kijana wa shamba aliyekwenda mjini akaharibikiwa.

Kisha, vita vilipoanza mwaka 1939, Serikali ya Uingereza ilianzisha Idara ya Filamu ya Makoloni, chini ya Bwana William Sellers. Idara hiyo ilitoa Mr. English at Home mwaka 1940, inayoonyesha siku moja katika nyumba ya Mwingereza wa kazi za mikono, na An African in London mwaka 1941, inayomwonyesha mgeni wa Kiafrika akitembezwa London. Mwafrika huyo alikuwa Robert Adams, mwigizaji hodari, ila yeye alizaliwa Guyana, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Tazameni basi: mji wa London ulikuwa mahali pa kusifiwa, bali mji wa kwetu, kama katika hadithi ya Gumu, ulikuwa mahali pa kuharibikia. Hatukupewa picha ya tatu, ya mji wa Mwafrika ambamo mtu anaamka, anakwenda kazini, ananunua sukari na kurudi kwake salama.

Picha hizo zilipelekwa vijijini kwa magari ya sinema, na kwa kuwa hazikuwa na sauti, alisimama kando yake mkalimani mwenye kipaza sauti, akieleza kwa lugha ya mahali. Mabwana wa idara walimwandikia maneno ya kusema, lakini nani kati yao alijua Kikamba cha kutosha kumkagua? Mkalimani aliweza kuongeza chumvi, kutia mzaha, na kumfananisha askari wa London na mtu wanayemfahamu wote. Nadhani nusu ya utamu wa sinema zile ulikuwa kinywani mwake, na hakuna mkanda ulioihifadhi sauti hiyo.

Nifike sasa kwa yule kuku. Bwana mmoja Mwingereza, John Wilson, alisimulia habari ya picha ya afya iliyopigwa katika koloni moja la Afrika ili kuwafundisha watu kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu. Ilipigwa taratibu sana ili ieleweke. Ilipokwisha, watazamaji thelathini hivi waliulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Wenye picha hawakujua kama mlikuwa na kuku! Wakaupekua mkanda picha moja baada ya nyingine, na kweli wakamkuta, amekurupuka na kupita pembeni kwa muda wa sekunde moja. Habari hiyo imeandikwa katika vitabu ili kuonyesha kwamba Mwafrika wa kijijini hakujua kuitazama picha nzima.

Mimi naikataa hukumu hiyo. Wafaransa waliotoa faranga zao 1895 walionyeshwa mtoto akila uji, wakatazama majani. Hakuna aliyeandika kwamba watu wa Paris hawajui kutazama picha. Isitoshe, kuku ni mali. Akikurupuka, mwenye nyumba hutaka kujua amekurupushwa na nini. Katika mkanda ule wote wa mkaguzi na makopo yake, huenda yule kuku ndiye peke yake ambaye hakuambiwa la kufanya, na watu walimtambua mara moja.

Hapa Nunguni kila mtu sasa ana kamera mfukoni. Lakini vijana wetu hujipiga wenyewe, uso umejaa kioo kizima, na soko la nyuma halionekani. Ningependa mmoja wao asimame penye njia asubuhi, ukungu wa milima ya Kilungu ukiwa bado haujainuka, aishike simu bila kutikisa mkono kwa dakika moja tu: akina mama wakipanga kabeji, vijana wa bodaboda wakigombea abiria, fundi cherehani akifungua mlango, na chochote kingine kitakachopita. Asimwambie mtu acheke wala asimame sawa.

Na kwa kuwa mimi ni karani, namwomba jambo moja zaidi, nalo ni kwamba aandike siku, mwezi, mwaka na mahali. Iko picha mashuhuri ya barabara ya Market Street, San Francisco, iliyopigwa kutoka mbele ya gari la reli la mjini, watoto wakikimbia na magari yakikatiza. Ukitazama vizuri utaona magari yale yale yakizunguka na kurudi ili barabara ionekane ina shughuli nyingi. Kwa miaka mingi iliandikwa kuwa ni ya 1905. Ndipo mtafiti mmoja, David Kiehn, akazichunguza namba za magari na madimbwi ya maji barabarani, akayalinganisha na habari za mvua katika magazeti ya siku hizo, akagundua kwamba ilipigwa mwaka 1906, siku chache tu kabla ya tarehe 18 Aprili, ambayo tetemeko la ardhi na moto viliuangamiza mji ule. Karibu kila jengo unaloliona pande zote mbili za barabara lilianguka au liliungua, na mkanda ulisalimika kwa sababu ulikuwa umekwisha kutiwa katika treni kwenda New York jioni ya kuamkia siku hiyo.