Pikapu Kali Siyo Dawa

Jamani, pikapu ninayoisema leo siyo Hilux ya ami. Ni ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi za gitaa la umeme.

Vijana wa Ibra, Sur na Nizwa tunaopiga metali tuna ugonjwa mmoja: tukitaka sauti nzito, tunaagiza pikapu yenye nguvu kuliko zote. Mie nasema hapana.

Distoshani inatoka kwenye amplifaya au pedali. Pikapu inapeleka tu kile mkono wako unachopiga. Mizunguko ya waya ikizidi, nguvu inapanda lakini sauti za juu zinafifia. Ongeza distoshani hapo, noti zinagandana kama uji. Kwa hiyo usinunue kwa kuangalia kilo-omu peke yake.

Chukua hambaka ya nguvu ya kati. Ina koili mbili zinazofuta mvumo wa umeme. Seth Lover wa Gibson aliibuni 1955. Koili moja karibu na kompyuta itakuletea nyuki chumbani, na distoshani inawakuza hao nyuki. EMG 81 ni safi, sikatai, ila inataka betri ya volti 9, basi hakikisha gitaa lako lina pa kuiweka.

Lakini kwanza shika bisibisi, ishushe kidogo pikapu uliyonayo, usikilize. Hiyo ni bure. Kuagiza nje ni riyali nyingi, na ukishaikata na kuichomelea waya, nani ataipokea ukitaka kuirudisha?