TAKA ZITAENDA WAPI?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami leo nimeshika kalamu nizungumzie ufa ambao sote tunaupita kila asubuhi tukija shuleni, nao ni taka za mitaani. Hoja yangu ni moja tu: siku ya kusafisha mtaa isitangazwe kabla ya kujulikana kila aina ya taka itapelekwa wapi. La sivyo, tutakuwa tunahamisha uchafu tu.

Siku hizi kujitolea kusafisha mtaa kumekuwa kama fasheni. Watu huja Jumamosi na mafagio na reki, huimba, hupigwa picha. Hilo ni jambo jema na silipingi hata kidogo. Lakini jioni huwa kuna nini? Mtaani kwetu, likizo ya Agosti iliyopita, kila kitu kilirundikwa pamoja nyuma ya soko kikatiwa kiberiti. Humo mlikuwa na maganda ya ndizi, chupa za plastiki, nepi, betri za tochi na mikebe ya dawa ya mbu. Mkebe mmoja ulipasuka kwa kishindo, watu wakatimua mbio kila mtu na njia yake! Kwa bahati hakuna aliyeumia. Moshi uliingia majumbani hadi usiku, na kesho yake watoto wadogo walikuwa wakichakura jivu wakitafuta vyuma. Jamani, huo kweli ni usafi?

Taka si kitu kimoja. Maganda na mabaki ya chakula huoza yakawa mbolea. Vyuma, chupa na plastiki ngumu vina wanunuzi. Lakini zile taa ndefu za tyubu zina zebaki, betri za magari zina risasi na asidi, nazo nyembe na sindano hukata na kuchoma. Na anayechomwa ni nani? Si yule aliyezitupa. Ni kijana anayeokota vyuma kuukuu kwa mikono mitupu ili apate chakula cha jioni.

Hata kuzitumia taka upya kunaweza kuua kukifanywa ovyo. Tukumbuke mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kando ya nyumba za watu, na sumu ya risasi ikaingia katika damu ya wazazi na watoto. Kilifungwa mwaka wa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo baada ya rufani kuitengua. Lakini pesa hazimrudishi aliyekufa.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu cha Kiswahili kiandae siku ya taka likizo ijayo, na kianze kazi wiki tatu mapema. Tuzungumze na mnunuzi wa vyuma kuukuu aje na mizani yake. Tuulize katika kituo cha afya kama watapokea sindano na dawa zilizopitwa na wakati. Wakikataa, tusizikusanye! Afadhali dawa zibaki juu ya kabati la mwenyewe kuliko kuzileta uwanjani watoto wakazidhania peremende. Vigae vya chupa vifungwe kwa magazeti na kutiwa ndani ya debe. Wanaojitolea wavae glavu na viatu, wala mtoto wa shule ya msingi asikaribie meza ya vitu vya hatari. Wale vijana waokotaji nao waalikwe, maana wao ndio wajuzi wa kazi hii, na pesa za mizani ziwe zao. Tusije tukawapokonya riziki kwa jina la usafi.

Wako watakaosema, “Kwani hiyo si kazi ya kaunti?” Ni kweli, na tuidai. Lakini Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na kutenga huanzia jikoni. Lori likija likute vyote vimechanganyika, hata dereva mwenye moyo safi atafanyaje?

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa kutwa tuna nafasi nzuri. Wenzetu wa bweni wamefungiwa getini, ilhali sisi kila jioni tunatawanyika katika kila kichochoro. Tunawajua akina mama wa soko, tunamjua fundi wa redio na mwenye duka. Tukisema neno letu nyumbani, litasikika.

Basi, kabla ya mtu yeyote kushika fagio, na aulize: taka hizi zitaenda wapi? Akikosa jibu, alirudishe fagio ndani na aanze kulitafuta. Kalamu yangu naiweka chini hapa.