Hita za chini ya zulia: Onyo la jiko latolewa, mnunuzi aachwa gizani

KILA ifikapo Juni, wakazi wa Limuru, Kinangop, Nyahururu na mitaa mingi ya Nairobi hujifungia nyumbani mapema, nao machifu na wahudumu wa afya hurudia onyo lile lile: usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Onyo hilo lina msingi. Makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke tena. Si ajabu kusikia, kati ya Juni na Agosti, kuhusu jamaa waliopatikana wamefariki huku jiko likiwa kando ya kitanda.

Walakini, mwananchi huambiwa aachane na makaa pasipo kuelezwa ashike nini badala yake. Wenye uwezo huelekea madukani kutafuta hita ya umeme. Miongoni mwa bidhaa wanazokumbana nazo ni kifaa ambacho wengi hawakukizoea: mkeka mwembamba wa umeme unaotandazwa chini ya zulia. Nchini Korea na Japani, kupasha sakafu joto si jambo geni. Huku kwetu ni wachache wanaojua mkeka huo unavyofanya kazi, na ni wachache zaidi wanaojua unavyoweza kuteketeza nyumba.

Mvuto wake ni gharama. Hita ya kawaida inayopuliza hewa moto hutumia wati 2,000. Ikiwashwa kwa saa nne, hula yuniti nane za umeme. Tukichukulia kwamba yuniti moja ni Sh30, hizo ni Sh240 kwa usiku mmoja. Mkeka wa wati 300 kwa muda huo huo hula yuniti 1.2, yaani Sh36. Kwa mtu anayenunua tokeni za Sh100 leo na nyingine kesho kutwa, tofauti hiyo si haba. Ni kweli mkeka hauwezi kupasha chumba kizima joto, na muuzaji anayedai hivyo anadanganya. Kazi yake ni kuondoa baridi ya saruji chini ya miguu na pale watoto wanapochezea.

Hatari inatokana na jambo moja ambalo ni rahisi kueleweka. Mkeka wa umeme huzalisha joto wakati wote uwapo na nguvu za umeme. Joto hilo lazima lipate pa kutokea. Likipenya zulia jembamba na kuingia chumbani, hakuna neno. Lakini mtu akiweka godoro juu ya zulia hilo kwa sababu mgeni amelala sebuleni, au akirundika mito na nguo, joto hukosa njia na kuanza kujilimbikiza mahali pamoja. Kifaa kilichoundwa ipasavyo huwa na kidhibiti kinachopima joto na kukata umeme kabla mambo hayajaharibika. Kifaa duni huendelea tu, hadi plastiki iyeyuke na zulia lianze kufuka moshi.

Kwa hivyo, swali la kwanza dukani si bei wala rangi. Ni hili: je, kifaa hiki kilitengenezewa kuwekwa chini ya zulia? Tume ya kimataifa inayosimamia viwango vya umeme, IEC, ina kiwango mahususi kwa mazulia ya umeme na vifaa vya kupasha joto vinavyowekwa chini ya mazulia yanayoweza kuondolewa. Kiwango hicho ni IEC 60335-2-106. Blanketi za umeme za kitandani zina kiwango chao tofauti, 60335-2-17. Utengano huo haukufanywa bure. Blanketi ya kitandani haikukusudiwa kukanyagwa kwa viatu wala kuburuziwa viti, na nyaya zake zikikatika ndani, cheche huanza mahali ambapo hakuna macho yanayofika. Anayeichukua blanketi hiyo na kuifunika kwa zulia anabuni kifaa ambacho hakuna mtaalamu aliyekipima.

Kuna kosa jingine ambalo huwapata hasa wenye jamaa ughaibuni. Mkeka ulioletwa kutoka Marekani umeundiwa umeme wa volti 120, na wa Japani volti 100. Umeme wetu ni wa volti 240. Mkeka wa Marekani ukichomekwa hapa moja kwa moja, hauzalishi joto maradufu bali mara nne ya lile lililokusudiwa, kwa kuwa volti zikiongezeka mara mbili, mkondo wa umeme nao huongezeka mara mbili. Zawadi ya shangazi hugeuka balaa kwa dakika chache.

Hata plagi yahitaji kuangaliwa. Plagi zetu za vichwa vitatu huwa na fyuzi ndani, na aghalabu fyuzi hiyo ni ya ampea 13. Mkeka wa wati 300 hutumia ampea moja na ushei. Hitilafu ikitokea, fyuzi ya ampea 13 yaweza kuustahimili mkondo unaounguza waya mwembamba pasipo kukatika. Fyuzi ya ampea 3, ambayo huuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vya umeme, ndiyo inayofaa, isipokuwa maagizo ya mtengenezaji yaseme vingine. Wapo pia wanaonunua vifaa vyenye plagi ya vichwa viwili, kisha wakachokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi iingie. Mtindo huo umeenea mno hata watoto wanaufahamu. Mkeka unaochomekwa hivyo kwa kawaida hauna fyuzi yake wala waya wa kuupeleka umeme ardhini hitilafu inapozuka.

Isitoshe, nyumba zetu za kupanga zina desturi zake. Sakafu hupigwa deki kila asubuhi, na maji huingia chini ya zulia. Mkeka usiozuia maji haufai kabisa katika nyumba ya aina hiyo, na hata ule unaozuia maji sharti uchomolewe kwanza. Vyumba vingi navyo vina soketi moja tu, ambayo hulisha runinga, pasi na jokofu kupitia kebo ya kurefusha umeme. Kebo hiyo ndiyo hupitishwa chini ya zulia ili isionekane, ikakanyagwa mwaka mzima. Umeme unapopotea usiku na kurejea alfajiri, hita yenye swichi ya kawaida hujiwasha yenyewe, hata kama mwenyewe alishaondoka kwenda kazini. Mwenye wazee nyumbani, au mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia, anahitaji tahadhari zaidi, kwani mtu kama huyo huungua polepole bila kuhisi.

Serikali haiwezi kujitoa katika suala hili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, ya kulindwa afya na usalama wake, na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike na anachonunua. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, limekuwa likitumia alama za kuthibitisha bidhaa zinazoingizwa nchini, na ni jambo jema. Hata hivyo, alama hiyo haimwelezi mama mboga wa Ol Kalou iwapo mkeka alioushika ni wa kitandani au wa sakafuni, wala iwapo anaruhusiwa kuufunika kwa zulia lenye mpira upande wa chini, ambalo huzuia joto kuliko mazulia mengine.

Maelezo hayo, yanapokuwepo, huchapishwa kwa Kiingereza cha herufi ndogo ndani ya boksi, au kwa Kichina pekee, naye mnunuzi huyaona baada ya kulipa. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba hiyo hiyo. KEBS inaweza kumtaka mwagizaji aandike nje ya boksi, kwa Kiswahili, mistari mitatu: kifaa ni cha kuwekwa wapi, ni cha volti ngapi, na ni kitu gani kisiwekwe juu yake.