Kolwezi: reli inarudi, na watu wa pembeni?

Tangu 1931 reli ya Katanga inaungana na ile ya Lobito. Sasa wanaitengeneza ili shaba ifike ku bahari mbio. Tunakubali. Lakini wenye nyumba karibu ya reli wanaogopa kuhamishwa. Wakipelekwa mbali, mama atalipa moto kwenda na kurudi mbele ya kununua unga.

Union Minière, kisha Gécamines, zilijenga cité zenye masomo na lopitali, mutu anafika kwa miguu. Haikuwa huruma: walitaka mufanyakazi asichelewe. Hata vile ilitufaa.

Tunataka karibu na gare soko, maternité, njia ya miguu yenye taa, pa kuvukia reli, na mabehewa ya watu. SNCC na meya watuonyeshe ramani mbele katapila haijafika.